Ufunguo wa Nyumba ya Ronnie

Ronnie Sikuku alikuwa amelala chali kwenye stoo ya klabu, katikati ya mazulia yaliyokunjwa, macho wazi yakiitazama taa ya dari. Damu ilikuwa imemtoka kwenye paji la uso, ikapita sikioni na kulowesha ukosi wa shati lake jeupe la mashindano. Karibu na goti lake palikuwa na tufe moja jeusi la kuchezea. Lilikuwa limefutwa likang'aa.

"Alikufa lini?" aliuliza Inspekta Oloo.

"Hata saa moja haijaisha," alijibu daktari wa polisi. "Pigo moja, la mbele. Aliyepiga alikuwa ana kwa ana naye, tena ni mfupi kuliko yeye."

"Na tufe?"

"Maabara itathibitisha, lakini silaha nyingine siioni humu. Alama za vidole usitegemee. Hawa wachezaji wote wana vitambaa vya kufutia matufe."

Juu ya paa la bati mvua ya mawe ilikuwa ikipiga kwa hasira, watu wakizungumza kwa kupaza sauti. Sajini Moïse Kalume, mzaliwa wa Kongo, aliingia akijipangusa maji shingoni.

"Chef, milango yote nimefunga. Batu beko banalalamika, banasema mawe inavunja mavoiture yabo."

"Waache walalamikie magari yao. Hatoki mtu."

Huu mchezo wa matufe ulikuwa wa upole kuliko yote katika Toongabbie, huku Australia. Unaviringisha tufe juu ya zulia refu, likaribie tufe dogo jeupe lililowekwa mwisho wake. Ukishindwa, unacheka na kunywa chai. Wakenya waliingizwa humo na manesi wanaotunza wazee, wazee nao ndio wenye klabu. Jumamosi hii yalikuwa mashindano ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na wenza walipatikana kwa kura. Nani angedhani mchezo wa namna hiyo ungezaa maiti?

Oloo alianza na mwenyekiti wa klabu, Bi Noeleen, mama mzee wa Kizungu aliyeikuta maiti. Alikuwa ameketi jikoni.

"Ulifuata nini stoo?"

"Ronnie. Mapumziko ya chai yalikuwa yamekwisha na fainali ilikuwa inamngoja. Nikafungua mlango... basi."

"Halafu?"

"Nikapiga kelele, nikapiga simu polisi. Wakaniambia mtu yeyote asitoke. Nikafunga mlango mkubwa."

"Leo aligombana na mtu?"

"Ronnie? Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Kila Jumamosi huja na mkewe, Shirleen, akimshika mkono tangu kwenye gari mpaka kwenye kiti. Hapakuwa na ugomvi wowote. Labda kile kichekesho cha kura."

"Kichekesho gani?"

"Nilichomoa majina kwenye kofia. Ronnie akaangukia kwa mama yake Shirleen, Mama Zilpah. Wakenya wote wakapiga kelele, eti haiwezekani, mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Nikasema basi narudia kura. Mama Zilpah mwenyewe akakataa. Akasema acha ilivyo. Tena walipoanza kucheza alimpa mkono kama wenza wote wanavyopeana! Miezi mitano yuko hapa, sikuwahi kumwona akimkaribia. Nilifurahi mpaka machozi. Nikasema, sasa huyu mama ameizoea Australia."

Kalamu ya Oloo ilisimama.

Yeye mwenyewe alikuwa na mama mkwe kule Alego, Kenya. Mara ya mwisho alipokwenda kumsalimia, mama yule alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni, wakazungumza kupitia dirishani, tena kwa mapenzi tele. Mkono hawajapeana tangu siku ya mahari. Na Mama Zilpah, alivyokwisha sikia kwa Wakenya ukumbini, ni Mbukusu wa Kimilili, watu wanaoshika mwiko huo kuliko hata Wajaluo. Heshima ya namna hiyo haiyeyuki kwa sababu mtu amepanda ndege.

"Asante, Bi Noeleen," alisema. "Niletee mjane."

Shirleen aliingia akiwa bado na viatu laini vya kuchezea. Mwanamke mrefu, nesi, aliyezoea kusimama kutwa nzima. Hakukaa.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "I did it. Nimemuua. Sasa please, mwachilie mama aende nyumbani."

"Kaa chini, dada."

"Sikai. Watoto wangu wako kwa nyumba peke yao, wamefungiwa, na mnaskia hii mvua. Mdogo ana miaka minne! Nishike mimi, lakini mama aende sasa hivi."

Kalume aliacha kuandika. "Bamefungiwa? Na nani?"

"Ronnie. Akitoka hufunga. Ufunguo ni mmoja tu, na yeye ndiye hukaa nao."

"Ulimpigaje?" aliuliza Oloo.

"Na bowl, tufe la mchezo. Alikuwa ameinama, anatafuta zulia. Nikampiga hapa." Aligusa kisogo chake.

"Ulimtoa ufunguo mfukoni?"

"Sikuugusa. Uko kwake, angalieni kwa suruali."

Oloo alimtupia jicho Kalume, naye Kalume akatikisa kichwa. Mifuko ya marehemu walikuwa wameipekua wenyewe: kitambaa, simu, ufunguo wa gari, peremende. Ufunguo wa nyumba haukuwamo.

"Kwa nini hukumwacha tu?" Oloo aliuliza kwa upole. "Ungekimbia na watoto."

"Nikimbie niende wapi? Nilikuja na partner visa. Alisema siku nitatoka kwake, viza inakufa, mimi narudishwa Kenya na watoto wanabaki."

"Alikudanganya. Mwanamke anayeteswa ndani ya ndoa, sheria ya hapa ina njia ya kumlinda. Hata viza."

Ndipo Shirleen akakaa, polepole, kama mtu aliyeambiwa kuwa jela aliyokaa miaka yote haikuwa na komeo. Alianza kulia bila sauti, na Oloo aliona uchungu mkubwa kumtazama.

"Dada, mumeo alipigwa usoni, si kisogoni. Wewe hukumpiga. Ulimwona nani akitoka stoo?"

Macho ya Shirleen yalikimbilia mlango wa ukumbini.

Mama Zilpah alikuwa ameketi peke yake ukumbini, kwenye kiti cha dirishani, akitazama upande wa reli. Wengine walikuwa kwenye madirisha mengine wakihesabu vioo vya magari yao vilivyopasuka. Yeye hakuangalia gari lolote. Chai yake ilikuwa imepoa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa juu ya paja.

Oloo alisimama hatua kadhaa mbali naye. Mazoea ni kama ngozi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu." Hakugeuka. "Wewe si wa kwetu, lakini salamu unaijua."

"Mimi ni Mjaluo wa Ugenya. Tumepakana."

"Mtafungua lini hiyo milango?"

"Una haraka?"

"Nyumba ni pale tu, ng'ambo ya reli. Ningekwenda kwa miguu."

"Na mvua hii?"

"Kwani mawe yanaua?"

Oloo alivuta kiti, akakaa.

"Mama, kwenu mama mkwe humpa mkwe mkono?"

"Haifanyiki."

"Leo umempa. Ukumbi mzima umeona."

"Nilimpa."

"Wa nini?"

"Mkwe hapewi mkono. Nilimpa kwa sababu hakuwa mkwe wangu tena."

"Shirleen amesema yeye ndiye aliyemuua."

Hapo mama aligeuka mzima mzima.

"Nani? Shirleen? Uongo mtupu! Mtoto huyu ana wazimu? Wale watoto watabaki na nani?" Aliunyoosha mkono wake wa kulia, akaufumbua. Ufunguo ulikuwa umeshikwa kwa nguvu mpaka meno yake yamejichora kwenye nyama ya kiganja. "Chukua. Watoto kwanza. Mengine nitakuambia yote, sina pa kukimbilia."

Oloo hakungoja kinga ya mkono wala mfuko wa ushahidi. Aliuchukua kwa leso yake na kumkabidhi Kalume.

"Nenda. Sasa hivi."

"Na mawe, chef?"

"Gari ni la serikali."

Kalume alitoka mbio. Mlango ulipofunguliwa, ukumbi wote ulitazama nje kwa hamu, kisha mlango ukafungwa tena.

"Mama, sheria inanilazimu kukuambia. Si lazima useme lolote. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza miezi mitano. Inatosha."

Alisogeza kando kikombe cha chai.

"Nyumba ile ina vyuma madirishani. Mimi nililala gereji ili nisilale chini ya paa la mkwe, nayo akaifunga. Shirleen anapelekwa kazini, anarudishwa. Mimi na wajukuu ndani kutwa, ila Jumamosi tu, akituleta hapa. Siku moja sufuria ilishika moto, moshi ukajaa, nikagonga kioo nikipiga mayowe mpaka nikauzima mwenyewe kwa blanketi. Na sikuweza kumwambia yule mtu hata neno moja! Ni mkwe. Nikiwa na ombi, namwambia Shirleen, Shirleen anampelekea, halafu anayepigwa kwa ombi langu ni yeye. Nilikuwa nasikia kupitia ukuta."

"Leo ikawaje?"

"Leo alisema twende watu wazima tu, tupendeze mbele ya watu. Watoto akawafungia, eti ni saa chache. Tukiwa hapa nikaona mawingu yale meusi. Mdogo anaogopa radi, akiisikia hujificha na kukojoa. Kisha ikaja kura. Watu walicheka. Mimi nilisema, Mungu amenifungulia kinywa. Nikampa mkono ili ukwe uishe, nipate kuzungumza naye kama mtu na mtu."

"Ukamfuata stoo."

"Nikamfuata. Tufe langu lilikuwa mkononi. Nikamwambia, nipe ufunguo nikakae na watoto. Akasema tumeingia fainali, nisimtie aibu. Nikamwambia tena. Akafunga mlango wa stoo, akauegemea kwa mgongo wake. Akacheka. Akasema, 'Mama mkwe na mkwe, chumba kimoja, mlango umefungwa. Nikiwapigia watu wa Kimilili simu, uso utauweka wapi?' Akasema sitatoka mpaka nipige magoti nimwombe msamaha. Na ngurumo ikapiga."

Oloo aligeuza ukurasa wa daftari.

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia kutoka."

Oloo aliandika maneno hayo mawili kama yalivyo.

"Alianguka mbele, nikamgeuza nimtazame. Alikuwa amekwisha. Nikafuta tufe, mikono imezoea. Nikachukua ufunguo. Nilikuwa ninavaa koti Noeleen alipopiga kelele, na mlango mkubwa ukafungwa. Tangu hapo nimekaa hapa na ufunguo wa nyumba, mimi mwenyewe nimefungiwa."

Shirleen alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakuna aliyejua amesikia tangu wapi. Alivuka mazulia ya mchezo kwa haraka, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mum, kwa nini? Ungeniambia! Ningevumilia tu."

"Ndiyo hiyo," mama alisema, sauti ikimkatika. "Ni mimi niliyekufundisha neno hilo. Kila uliponipigia simu ukilia, nilikuambia vumilia, ndoa ni kuvumilia. Nikaja nikaona nilichokuwa nakuambia uvumilie. Sikujua namna ya kulirudisha."

Simu ya Oloo ililia. Alisikiliza, akashusha pumzi, akafungua spika wote wasikie.

"Mummy?" Ilikuwa sauti ya mtoto. "The ice broke the trampoline. We were under the table. There's a policeman and he talks funny Swahili."

Shirleen alicheka na kulia kwa pamoja. "Mko sawa? Mmekula?"

"We're okay. Is Shosho coming?"

Shosho ndilo jina watoto walilomwita bibi yao. Mama Zilpah alifumba macho, na machozi ambayo hakuyatoa kwa ajili yake mwenyewe yakamshuka.

Oloo aliinuka. Kazi ni kazi, na siku hiyo aliichukia. Alitoa pingu kiunoni, akasita. Miaka ishirini katika polisi ya mji huu hakuwahi kumshika mkono mama wa rika hilo kutoka nyumbani. Mama aliona kusita kwake. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Shika tu, mwanangu. Leo nimeshapeana mkono na mbaya kuliko wewe."

Chuma kililia. Nje mvua ilikuwa imepungua, na Noeleen aliingiza ufunguo kwenye mlango mkubwa wa klabu, akilia waziwazi. Watu walitoka mmoja mmoja, wakipita mbali na kiti kile.

Simu ilikuwa bado wazi.

"Madame," ilisema sauti ya Kalume, "batoto niko nabo mu gari, tunakuja. Mulango ya nyumba, nifunge?"

Shirleen alitazama mikono ya mama yake, kisha simu.

"Usifunge," alisema. "Uache wazi."