Herufi za Baba

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, nilimsikiliza baba akikariri somo lake. Yeye alikunywa chai, mimi nilishika daftari.

“E,” alianza baba. “Chini yake H, N. Halafu D, F, N.”

“Umekosea, baba. Ni D, F, P.”

“Lo! Kichwa hiki nacho!” Alicheka, akaanza upya.

Herufi zile zilikuwa za ubao wa kupimia macho kwenye kliniki ya Dokta Vasanti, mtaa wa Mafiga. Baba yangu, Mansuri, aliendesha lori la Mzee Taherali, akishusha kabichi na karoti kutoka Mgeta. Barabara ile ya milimani, upande mmoja mlima, upande wa pili korongo. Mzee Taherali hakutaka mchezo. Kila mwaka dereva alete cheti cha macho, la sivyo arudishe funguo.

Baba alikuwa na kisukari, na macho yake yalikuwa yanafifia. Nilijua. Alimimina chai nje ya kikombe, akasingizia meza imepinda. Siku moja alimwamkia shikamoo muuza genge, jamani, kijana wa rika la kaka yangu! Tulicheka hadi machozi. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Mwaka juzi, nikiwa darasa la nne, baba alinipeleka kliniki nipimwe macho mimi. Akaniagiza ninakili herufi zote za ubaoni, apate kuzikariri.

“Usimwambie mama yako,” alisema. “Kazi hii ikipotea tutakula nini, Mwanaasha?”

Nikanyamaza. Mwaka ule akapata cheti. Mwaka jana akapata tena, nami nikajivuna kana kwamba nimefaulu mimi.

Kliniki ya Dokta Vasanti nayo ilizidi kukua. Ilianza na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la mumewe, benchi moja na ubao wa karatasi ukutani. Kisha dokta akanunua mashine za leza, mashine zinazotibu jicho kwa mwanga. Watu wakaanza kumiminika kutoka Kilosa, Ifakara, hata Dodoma. Wengine walitaka kuachana na miwani, wengine walikuwa na kisukari kama baba. Akaajiri madaktari, akaongeza vyumba, na mwaka huu akahamia jengo la ghorofa karibu na Msamvu.

“Baba Mwanaasha, nenda wakakuangalie vizuri na wewe,” mama alimsihi. “Wenye kisukari wenzako wanatibiwa.”

“Wanichome jicho kwa mwanga? Cheti hiki hapa kinasema naona!” baba alifoka.

Mama akarudi jikoni. Mimi nilijua cheti kile kimepatikanaje, lakini sikumwambia.

Siku ya kupimwa ilipofika nilimsindikiza baba kwenye jengo jipya. Muuguzi alimkalisha kitini, akamfunika jicho la kushoto, kisha akageuka kutafuta rimoti. Baba hakusubiri.

“E,” alisema kwa kujiamini. “H, N. D, F, P.”

Muuguzi alimtazama. Mbele ya baba hapakuwa na ubao. Palikuwa na skrini nyeusi ambayo haijawashwa.

“Mzee wangu, unasoma wapi?” aliuliza polepole.

Baba alikuwa ameshaingia mstari wa nne. Nikamshika mkono.

“Baba, basi. Hakuna herufi.”

Dokta Vasanti mwenyewe alikuja, akamulika macho ya baba kwa muda mrefu. Nilimweleza kila kitu huku nalia, nikatoa na daftari. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

“Kisukari kimeharibu mishipa ndani ya macho,” alisema. “Mwaka juzi tungeweza kuizuia isivuje damu. Sasa jicho la kulia limekwisha. La kushoto nitalipiga leza, nilinde kidogo kilichobaki. Kilichopotea, leza hairudishi.”

“Hata mashine hii mpya, dokta?”

“Hata ningekuwa nazo kumi, binti yangu.”

Jioni ile baba alirudisha funguo za lori. Sasa mama anauza vitumbua kule Bigwa, na baba anashinda barazani. Jicho lake la kushoto linaona vivuli tu.

Juzi asubuhi aliniita kama zamani.

“Mwanaasha, nisomee karatasi ya dokta. Imeandikwa macho yatarudi?”

Mama alinikonyeza nijibu ndiyo. Wallahi nilitamani kujibu hivyo.

“Hapana, baba. Imeandikwa hayatarudi.”

Mama aliinamia ndoo yake ya unga. Baba alisukuma kikombe cha chai pembeni.

“Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya, mwanangu,” alisema. “Mtu akikuomba umfichie ugonjwa, hata awe baba yako, usikubali. Mwambie mama, mwambie mwalimu, mwambie daktari. Akikasirika, mwache akasirike.”

Akapapasa meza akitafuta kikombe. Nikamsogezea.

“Ungesema mwaka juzi, ningekuchapa,” alisema. “Lakini leo ningekuwa nakuona.”