Usilitaje

Kila asubuhi Rugile alifunga mlango, akaficha ufunguo ndani ya soksi, akateremka mtaani kwenda shule. Mama yake alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kiwandani kufungasha saladi. Walikuwa wametoka Lithuania mwaka uliopita na kupanga nyumba ndogo mjini Mansfield, ukuta kwa ukuta na Bibi Allsop.

Kiingereza cha kitabuni Rugile alikijua. Kilichomshinda ni majibu. Watu wa Mansfield walijibu mambo yasiyofanana kabisa na yale waliyoambiwa.

Jumatatu aliingia darasani maji yakimchuruzika.

"Mvua hii imenichosha," alimwambia Keeley, mwenzake wa dawati.

"Hebu nisimulie," Keeley akajibu.

Rugile akafurahi, maana hakuna aliyewahi kumwomba asimulie chochote. Akaanza tangu alipoamka: dirisha linalovuja, mwavuli uliopinduka, gari lililomrushia tope. Keeley alimkodolea macho. Dawati la nyuma mtu akauliza, "Dada, taarifa ya habari inakwisha saa ngapi?" Darasa zima likacheka.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, Rugile alionja mbaazi zake. "Zina chumvi nyingi," alinong'ona.

"Unaweza kusema hivyo tena," Keeley akasema.

Rugile akasema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika. Mpishi akageuka na mwiko wake, akamtazama kwa jicho ambalo lilimwondolea njaa.

"Mbona mnaniambia niseme, nikisema mnacheka?" alimuuliza Keeley walipoketi.

"Nani kakwambia useme? Mara zote mbili nilikuwa nakubaliana nawe."

"Si ungesema umekubali?"

"Nimesema nimekubali. Aa, wewe nawe unachosha."

Rugile aliisukuma sahani. Siku hiyo aliapa kwamba hatamuuliza mtu tena maana ya neno. Akiambiwa jambo, atalifanya neno kwa neno, kisha atafunga mdomo.

Jioni alikuwa akipiga mpira ukutani kwa raba zilizotoboka. Jumamosi kulikuwa na mechi, na mwalimu wa michezo alikwisha kusema kwamba asiye na njumu hachezi. Bibi Allsop alichungulia juu ya uzio.

"Njoo hapa, bata wangu," akaita. Wazee wa Mansfield humwita bata kila wanayempenda, na hilo Rugile alikwisha kulizoea.

Bibi alimpa njumu nyeusi, kuukuu kidogo lakini nzima. "Zilikuwa za mjukuu wangu. Miguu yake imekuwa mikubwa kama mitumbwi. Zichukue."

"Asante sana, Bibi."

"Usilitaje," Bibi Allsop akasema, akaingia ndani.

Rugile alibaki amesimama na njumu kifuani. Asilitaje? Kwa nini? Labda mjukuu hajui kwamba viatu vyake vimetolewa. Alinyoosha mkono kubisha mlango aulize. Akakumbuka kicheko cha darasani, akaushusha. Njumu alizificha chini ya kitanda.

Alhamisi Mama alikuwa akifagia. Ufagio ukazitoa.

"Hizi za nani?"

"Zangu."

"Nani kakupa?"

"Siwezi kusema, Mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimekatazwa."

Mama aliketi kitandani, ufagio bado mkononi. "Rugile, hapa sisi ni wageni. Kitu pekee tulichofika nacho kizima ni jina letu. Hutavaa hizi njumu na hutacheza mechi mpaka uniambie zimetoka wapi."

Rugile aligeukia ukutani. Akisema, amemsaliti Bibi Allsop. Akinyamaza, mama yake mwenyewe atamwona mwizi. Alilia kwa hasira. Alikichukia Kiingereza, akajichukia mwenyewe kwa kukiamini.

Jumamosi asubuhi ilifika. Njumu zilikuwa mezani, ndani ya mfuko uliofungwa fundo. Mama alitoka kusukuma pipa la taka hadi barabarani, kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akasukuma na la jirani. Bibi Allsop alitokea mlangoni na ndara zake.

"Asante, Danguole. Mgongo wangu leo umegoma."

"Usilitaje," Mama akajibu kwa Kiingereza chake cha kiwandani.

Rugile, aliyekuwa kizingitini, aliruka nje. "Mama, kwani pipa ni siri?" aliuliza kwa lugha ya kwao.

"Siri gani?"

"Umemwambia asilitaje."

"Mwanangu, hapa ndivyo wanavyojibu asante. Kwetu si tunasema 'hakuna cha kushukuru'? Ni hilohilo. Umewahi kusikia hivyo ukadhani kweli hukupewa kitu?"

Uso wa Rugile ukawaka moto. "Basi njumu ni za Bibi Allsop," akasema kwa pumzi moja. "Nilimshukuru, akaniambia nisilitaje. Sikumuuliza maana, kwa sababu darasani wananicheka."

Mama akamtafsiria jirani. Bibi Allsop hakucheka. Alijishika shavu.

"Masikini bata wangu. Na mimi wiki nzima najiuliza kama zimekutosha. Niliogopa kuuliza, usije ukadhani nadai shukrani."

Mama alimvuta Rugile karibu. "Nisamehe kwa kukudhania vibaya. Lakini na wewe nisikilize. Aliyekupa hilo neno alikuwa nyuma ya ukuta huu. Ungebisha tu. Kicheko cha wenzako kingekwisha kabla ya kengele kulia. Kutouliza kwako kumekunyima usingizi, na mimi kumeninyima imani yangu kwako. Mtu akikupa neno usilolielewa, mrudishie palepale, mwambie: hili maana yake nini?"

"Na wakicheka?"

"Wacheke. Wakimaliza, wewe utakuwa umeshajua."

Mama akafungua fundo la mfuko.

Mechi walifungwa. Mvua ilinyesha tangu filimbi ya kwanza, na Rugile alitoka uwanjani na tope hadi magotini.

"Ule si uwanja, ni bwawa," Keeley alinung'unika, akikamua soksi zake.

"Hebu nisimulie," Rugile akasema. Keeley alipoinua kichwa, akaongeza haraka, "Ndivyo mnavyosema, au nimekosea?"

Keeley alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Hujakosea," akasema, akamsogezea nusu ya taulo.