Rada Isiyolalamika

"Nguruwe anacheka."

Maneno mawili tu kwenye redio ya sikioni. Tak Eun-seol akashuka kwenye pikapu yake ya Porter, ovaroli la bluu mwilini, begi la fundi begani, bastola ya Glock 19 chini ya kwapa.

Maneno hayo yalikuwa na maana moja. Gong Pil-jae yupo. Ingia.

Na nguruwe alikuwa akicheka kweli. Kichwa chake cha kuchemshwa kilikaa mezani mbele ya ghala, pembeni mwa bandari ya Incheon, kimekenua meno, noti za won za Korea zimejazwa mdomoni. Gong alikuwa akisujudu mbele yake na suti yake ya bei mbaya, tumbo likimpa shida kila alipoinuka. Alikuwa amenunua sedani mpya nyeusi, na hakutaka ikanyage barabara kabla ya tambiko. Pombe ya mchele ilishamwagwa kwenye matairi. Samaki mkavu aliyeviringishwa uzi mweupe alishafichwa ndani ya gari ili ailinde safari.

Mtu mzima anaogopa mikosi, lakini kuua watu haogopi!

Gong aliingiza kwa magendo rada bandia za magari. Rada halisi ni jicho dogo linalokaa nyuma ya bampa la mbele. Likiona kitu njiani na dereva amezubaa, gari linapiga mlio, kisha linajifunga breki lenyewe. Za Gong hazikuona chochote. Zilikuwa na ujanja mmoja tu: kila zilipoulizwa na mashine ya kupimia, zilijibu, "Sina kasoro."

Eun-ho, mdogo wake Eun-seol, alifungiwa moja gereji baada ya kugongwa kidogo kwenye bampa. Novemba iliyopita, msimu wa kabichi, alilivaa lori la kabichi lililosimama barabarani, akafa papo hapo. Gari lake halikupunguza mwendo hata kidogo. Wakaguzi wakaipima rada, rada ikasema haina kasoro, nao wakasema kijana alisinzia.

Eun-seol hakukubali. Aliiunga rada ile kwenye betri, akaiweka kwenye meza ya jikoni, akaihoji kwa mashine yake mpaka macho yakamuwasha. Sina kasoro. Sina kasoro. Mwishowe, kwa hasira, alikinyakua kifuniko cha sufuria yake ya tambi, kile cha bati la manjano, akaifunika nacho.

Rada halisi ukiiziba kwa bati hulalamika papo hapo. Hii ilisema haina kasoro.

Hapo ndipo alipojua. Alilia, akatukana, kisha akakitia kile kifuniko kwenye begi la kazi. Hakikurudi jikoni tena.

Sasa shehena nyingine ilikuwa imeingia nchini, na kufikia Jumatatu ingefungwa kwenye mabasi ya manjano ya watoto wa chekechea. Mahali ilipofichwa alipajua Gong peke yake.

"Nataka mdomo wake," Mkuu Yeom wa polisi alikuwa amemwambia asubuhi ile, baada ya kuinasa simu ya Gong ya kuita fundi. "Maiti yake hainisaidii kitu. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, mkuu."

Kusikia alisikia. Kuahidi hakuahidi.

"We dada fundi!" Gong alipaza sauti, uso umeiva kwa pombe. "Ndo unafika saa hizi? Taa inaniwakia tangu asubuhi, gari jipya kabisa! Au umekuja kula nguruwe?"

"Nguruwe baadaye, bosi. Taa ipi?"

"Hiyo ya breki za kujifunga. Itoe upesi. Sitaki nuksi siku ya leo."

Eun-seol akafungua boneti, akainama. Nusura acheke.

Samaki wa tambiko alikuwa amefungwa kwenye foili ili asinuke, kisha akapachikwa mbele kabisa ya rada. Mlinzi wa safari alikuwa ameliziba jicho la gari.

Alimtoa, akamtia begini, akachungulia dashibodi. Taa ikazimika. Akatoa kifuniko cha sufuria begini, akakiweka mbele ya rada. Taa ikawaka. Akakiondoa, ikazimika.

Ililalamika. Ilikuwa halisi.

Damu ikamchemka. Muuzaji wa rada za mauti, kwenye gari lake mwenyewe amefunga jicho zima! Alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua.

Kwenye mfuko wa ovaroli kulikuwa na rada ya Eun-ho. Aliipapasa, akachukua spana. Kwa kitambo alibaki ameinama. Kisha akafunga boneti.

"Limepona, bosi. Panda nikuonyeshe. Na hiyo pombe uliyokunywa, usukani niachie mimi."

"Twende! Ila ukilikwaruza nakufanya wewe ndo kichwa cha tambiko lijalo."

Walinzi wake walikuwa wakigombania sikio la nguruwe. Hakuna aliyegeuka.

Eun-seol aliendesha taratibu hadi kwenye uwanja wa makontena, sehemu ndefu iliyonyooka. Mwisho wake lilikuwa limesimama lori moja lililojaa kabichi. Alikuwa amemwomba Yeom aliweke pale.

Akafunga milango. Glock ikatoka, ikatua kwenye mbavu za Gong.

"Wewe nani?" Pombe ilimtoka kichwani mara moja.

"Dada yake Tak Eun-ho."

"Simjui!"

"Ndiyo maana nimekuja tufahamiane." Akamtupia rada mapajani. "Itazame vizuri. Hiyo ndiyo niliyoikuta kwenye gari lako. Mahali pake nimeweka moja ya kwako."

Gong aliigeuza. Lebo, nembo, skrubu, kila kitu mahali pake.

"Dada... tuongee."

"Tutaongea njiani."

Akakanyaga mafuta. Arobaini. Hamsini. Sitini. Makontena yakawa yanapita mbio madirishani, na lori la kabichi likazidi kuwa kubwa.

"Shehena iko wapi?"

"Mimi nauza vipuri halali!"

"Basi huna cha kuogopa." Akaondoa mguu kwenye mafuta, akaikunja miguu yote miwili chini ya kiti. "Kama ni nzima, itasimama."

"Kanyaga breki!"

"Mbona unapiga kelele, bosi? Wateja wako hawakupiga."

"Haitasimama! Haioni kitu hiyo, unasikia? Haioni! Kanyaga!"

"Iko wapi?"

"Sorae! Kwenye ghala la barafu! Chini ya maboksi ya ngisi, zote ziko hapo, kanyaga breki wee mwanamke!"

Pii! Pii! Pii!

Mikanda ikawakaza vifuani. Gari likainamisha pua, likajifunga breki lenyewe, matairi yakapiga ukelele.

Likasimama.

Jani moja la kabichi likadondoka kutoka kwenye lori, likatua juu ya boneti.

Gong alikuwa ameloa, na si jasho peke yake. Alitazama kioo, akatazama rada mapajani mwake, akamtazama Eun-seol.

"Hukubadilisha," alinong'ona.

"Sikubadilisha. Gari lako lilikuwa zima, ila samaki alikaa vibaya. Hiyo uliyoipakata ni ya Eun-ho. Hata wewe mwenyewe huwezi kuitambua."

Gong aliisukuma ianguke, lakini Eun-seol aliidaka.

"Ulisikia mlio?"

"Ni... nilisikia."

"Mdogo wangu hakuusikia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakupigiwa hata mlio mmoja."

Mdomo wa Glock bado ulikuwa mbavuni. Kidole chake kilikuwa pale pale kwenye kifyatulio. Alikitazama kwa muda, kama kidole cha mtu mwingine, kisha akakiondoa.

Robo saa baadaye, sauti ya Yeom ikaingia sikioni. "Nimeyapata yote. Timu imeingia Sorae, maboksi ya ngisi yanafunguliwa." Redio ikakwaruza. "Tumezipata, Eun-seol. Zote. Walinzi nao wako chini ya ulinzi. Vipi huyo, yuko hai?"

"Yuko hai. Ila atahitaji suruali."

"Ulikuwa na uhakika litasimama?"

"Nilipima kwa kifuniko cha sufuria, mkuu."

Yeom akawaamuru askari wasogee.

Askari wakalizunguka gari. Eun-seol akamtoa yule samaki begini, akamlaza mapajani mwa Gong.

"Mshike vizuri, bosi. Unakokwenda utamhitaji."

Akashuka. Akaivika Glock ala yake, akatupa begi begani na kuanza kutembea kuelekea kwenye Porter. Hakugeuka nyuma.

"Unakwenda wapi?" Yeom akauliza. "Kuna nguruwe mzima hapa."

"Nyumbani, kupika tambi," akasema. "Nina kifuniko cha kurudisha."