Kabla ya Kubonyeza Tuma

Simu ilitetemeka kiganjani.

"Anua nguo," sauti ilisema. Ikakatika.

Mwanamume aliyejulikana kwa jina la Pasi aliacha chai yake mezani ikifuka moshi, akatoka mkahawani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Haraka aliianza alipofika nje. Aliirukia Yamaha yake nyeusi, akaiwasha, akachomoka katikati ya magari huku honi zikimfuata nyuma.

Anua nguo.

Katika Idara maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mtu wako wa ndani amejulikana. Mtoe kabla hawajammaliza.

Na Pasi alikuwa na mtu mmoja tu wa ndani. Shemeji yake.

Jina la Pasi alipewa na wenzake kwa sababu ya mashati. Hata siku ile aliyoning'inia ubavuni mwa treni ya mizigo akimfukuza mwizi wa ramani za jeshi, alirudi ofisini kola ikiwa imesimama wima. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kazi aliijua, hilo hakuna aliyelibishia, na kila mwaka ndiye aliyewafundisha wageni wa Idara somo la kutoacha alama. Alifundisha akitembea mikono nyuma, kifua mbele, na akigeukia ubaoni wanafunzi walimcheka.

Shemeji yake alikuwa mpima malori katika bohari kubwa ya mizigo nje ya mji. Bohari nzima walimwita Mizani. Alikuwa mtu mkimya, mnene kidogo, kaka mkubwa wa mkewe Pasi, na ndiye aliyemlea dada yake baada ya wazazi kufariki. Yeye ndiye aliyeona kwamba makreti yaliyoandikwa pampu za maji yalikuwa na uzito usio wa pampu. Ndani mlikuwa na viwashio vya mabomu. Pasi alimbembeleza abaki palepale, awe jicho la Idara. Mkewe hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti moja.

"Ukinipotezea kaka yangu, usirudi hapa."

Pasi aligusa kifaa kilichokuwa sikioni.

"Fundi."

"Nakusikia." Fundi alikuwa mwanamke wa kitengo cha mitandao, aliyeshinda kwenye chumba kisicho na dirisha akichungulia kompyuta za watu wabaya. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Amejulikanaje?"

"Jina lake liliingia kwenye seva yao jana mchana. Limepitia kwenye tovuti yao. Fomu ya wateja."

Yamaha ilipenya kati ya lori la taka na ukuta. Kioo cha pembeni kiligonga tofali, kikaning'inia.

"Jana uliifungua fomu hiyo," Fundi alisema. Halikuwa swali.

"Niliifungua. Nilijifanya mteja nipate ratiba ya malori. Jina la mtu sikuandika."

Fundi alibonyeza kitu kwenye kompyuta yake.

"Nikusomee?"

Fundi akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya damu.

"Kuna mahali panapouliza, umeelekezwa kwetu na nani. Kwanza limeingia neno, Mizani. Halafu, Mizani shemeji yangu. Halafu patupu. Halafu, tangazo la redioni. Hapo ndipo ulipobonyeza Tuma."

Masikio ya Pasi yalipata moto ndani ya helmeti. Alikumbuka vizuri. Swali lilikuwa rahisi, la kawaida, na mkono ukalijibu wenyewe kabla ya kichwa. Kisha alijiona kwenye kioo cha dirisha, kola imelala upande mmoja, akasita kidogo kuinyoosha. Aliporudisha macho kwenye kompyuta ndipo alipoona alichoandika. Akafuta mara moja.

"Lakini nilifuta," alisema. Hata yeye alisikia jinsi alivyosema kitoto.

Fundi alimweleza bila kumpaka mafuta. Ukurasa ule hausubiri kitufe. Kila mwandishi anaposita, hata kwa muda wa kupepesa macho, unachukua kilichopo na kukipeleka kwenye seva chinichini. Haujifungui upya, hauonyeshi alama ya kuzunguka, wala hausimami kungoja jibu. Wewe unaona kisanduku chako kimetulia, na huku maneno yako yameshafika kwa wenyewe. Tovuti nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, usipoteze ulichoandika umeme ukikatika.

"Hawa wameuweka hivyo kuwanasa watu kama," alisema, akaishia hapo.

Angemalizia tu, Pasi aliwaza. Ingeuma kidogo zaidi na kuisha.

"Ulisita kwa nini?" Fundi aliuliza. "Usingesita, jina lisingetoka."

"Sikumbuki."

Akaongeza mafuta. Habari ya kola hakuweza kumwambia mtu yeyote duniani.

*

Aliificha Yamaha nyuma ya nyumba ambayo haijaisha kujengwa, akapanda hadi ghorofa ya juu, akatoa darubini yake ya Nikon.

Uwanja wa bohari ulikuwa chini yake wote. Langoni kulikuwa na mzani wa malori, na kando yake kibanda cha vioo. Ndani ya kibanda alikaa shemeji, mikono juu ya meza. Nyuma yake lilisimama jitu lenye upara na bastola. Huyo alikuwa Kipara, mkono wa kulia wa bosi. Bosi mwenyewe, mgeni aliyeingia nchini kwa pasipoti tatu, alikuwa kwenye ofisi ya juu, amesimama nyuma ya mtu wake wa kompyuta. Daima alivaa glovu nyeupe. Idara ilimwita Msafi.

Karibu na lori walikuwepo wawili wenye bunduki. Makreti yalikuwa yanaingia, moja baada ya jingine.

"Kikosi kiko wapi?"

"Ng'ambo ya daraja. Foleni haisogei."

"Lori linajaa."

"Naona. Usiingie peke yako."

Alikuwa na Glock moja, na uwanja haukuwa hata na pipa la kujifichia. Kabla hajafika nusu ya njia, Kipara angekuwa ameshampiga shemeji risasi. Alitazama tena kwenye darubini. Shemeji alikuwa ameketi kwa utulivu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, na utulivu huo ulimuumiza Pasi kuliko kama angemwona analia. Mtu yule alikuwa anamwamini. Alikuwa anangoja kuokolewa na mtu aliyemuuza kwa ajili ya kola.

"Fundi. Hao watu wanasoma vilivyofutwa?"

"Hivyo ndivyo wanavyovisoma kwanza. Kilichotumwa hawakijali. Anayetuma ameshajipanga."

"Nikiingia kwa akaunti ya jana, watajua ni mtu yuleyule?"

Fundi alielewa. Alivuta pumzi.

"Watajua. Lakini andika kwa vituo. Ukisita ndipo kinatoka."

Alitoa Samsung yake. Mtandao ulikuwa na mstari mmoja. Ukurasa ulifunguka kwa kujikongoja, na lile swali likamtazama tena. Umeelekezwa kwetu na nani?

Alihitaji jina. Aliinua darubini. Pale kibandani, Kipara alikuwa amejaza maji kwenye kikombe, anamsogezea shemeji.

Pasi aliliona hilo. Akaandika hata hivyo.

Kipara.

Akasita.

Kipara anasema wamemshika Mizani badala yake.

Akasita.

Akafuta yote. Akaandika tangazo la redioni, akaondoa kidole. Kitufe cha Tuma hakukigusa.

Ukurasa haukuonyesha lolote. Kisanduku kilitulia, cheupe, hakina habari.

"Fundi?"

"Bado. Vimeondoka, havijafika. Ngoja." Vidole vyake vilisikika vikigonga. "Cha kwanza kimefika. Kile kitupu kimefika."

"Na cha katikati?"

"Kinakuja kivyake. Havisubiriani."

Kama kingepotea njiani, Msafi angebaki na majina mawili na angewamaliza wote wawili. Pasi alijikuta anaitikisa simu, kama vile mtandao ni kalamu iliyokauka wino. Aliacha alipojiona.

"Kimefika," Fundi alisema.

Ofisini juu, mtu wa kompyuta aliinua kichwa. Msafi akainama, akasoma. Alisimama wima, akavua glovu moja, taratibu. Kisha alifungua dirisha, akamwita Kipara kwa kidole kimoja.

Kipara alichomeka bastola kiunoni. Alipanda ngazi akipiga mluzi.

Pasi alikuwa ameshafika chini. Aliruka ukuta, shati likanasa kwenye waya na kuchanika mgongoni. Alikimbia akiwa ameinama nyuma ya lori, akazunguka mzani, akasukuma mlango wa kibanda.

"Umechelewa, shemeji," Mizani alisema.

Juu ukalia mlio mmoja wa risasi.

Wale wawili wenye bunduki walikimbilia ngazi. Dereva wa lori alibaki peke yake, akaona mambo yameharibika, akatia gia. Lori likanguruma, likapanda juu ya mzani kuelekea langoni. Mizani hakusimama wala hakuuliza. Alinyoosha mkono, akabonyeza vitufe viwili. Nguzo nene za chuma zikapanda mbele ya lori, na nyingine nyuma yake. Breki zililia.

"Limezidisha uzito," alisema, akitazama namba kwa mazoea tu.

Pasi alikuwa ameshaelekeza Glock dirishani kwa dereva.

"Shuka. Mikono nione."

Dereva alishuka. Ving'ora vilisikika, vikaja, vikajaa uwanja mzima. Kikosi kilipanda ngazi na kurudi na watu wanne waliofungwa pingu. Msafi alikuwa wa mwisho, glovu moja mkononi, nyingine haijulikani ilipo. Kreti la kwanza likapasuliwa. Viwashio vilikuwa vimepangwa ndani kama mayai.

*

Kipara walimshusha kwa machela. Risasi ilikuwa imempata pajani, na daktari wa kikosi alisema atapona ila atachechemea. Walipopita kibandani aliomba wasimame.

"Mizani," alisema. "Nani amenitaja? Mimi sijamwambia mtu kitu."

Mizani alifikiri, akamjibu kwa kweli kwamba hajui. Pasi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alitazama viatu vyake mpaka machela ikaondoka.

Kifaa cha sikioni kiliita. Alikuwa Mkuu wa Idara mwenyewe, na alikuwa na furaha.

"Kazi safi. Kuhusu lile jina, tutaandika limevujishwa na mfanyakazi wa bohari. Hakuna haja ya kujichafua."

"Sawa, Mkuu," Pasi alisema. Lilimtoka upesi mno, na palepale akajichukia.

Mizani alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kibanda, kikombe cha maji mkononi. Pasi alisimama mbali, akajifanya ana shughuli, akatoa simu. Akaandika, Shemeji, ni mimi niliyekutaja. Akaitazama. Akafuta. Akaandika, Shemeji nilikosea. Akafuta. Akaandika neno pole peke yake, likaonekana dogo hata yeye akaona haya, akalifuta pia. Aliamua kuirudisha simu mfukoni.

"Shemeji."

Mizani alikuwa ameinua simu yake juu, anaionyesha.

"Naona hapa unaandika, unaandika, halafu kimya. Unaandika tena, kimya. Ulitaka kusema nini?"

Pasi alicheka bila kupenda, kicheko kifupi kibaya. Akamwendea. Alitaka kuketi karibu naye, akaona hastahili, akabaki amesimama.

"Ni mimi niliyekutaja. Kwenye fomu yao. Jina lako nililiandika kwa mazoea, nikalifuta, lakini lilikuwa limeshakwenda. Lisingekwenda. Lilikwenda kwa sababu nilisita nikatazama dirishani. Nilikuwa nanyoosha kola."

Mizani alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye kola, akabaki hapo.

"Kola," alisema.

"Kola."

"Na Kipara?"

"Huyo nilimtaja kwa makusudi. Ili akuachie."

"Alinipa maji."

"Nilimwona."

Mizani alimwaga maji yaliyobaki chini, akatazama udongo ukiyanywa. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, na Pasi angeipenda zaidi hasira.

"Dada yangu anajua?"

"Bado."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi simo. Na hiyo ya kola usije ukairuka."

"Sitairuka."

"Haya. Nenda. Nami nahitaji kukaa kidogo bila kukuona."

Pasi aliitikia kwa kichwa. Alipita katikati ya uwanja, kati ya makreti na askari wa kikosi waliompigia saluti, kwa ule mwendo wake wa siku zote, wa mtu asiye na haraka. Aliifikia Yamaha pale alipoificha, akaiwasha. Aligusa sikio.

"Mkuu. Ile taarifa ya jina kuvuja."

"Imeshaandikwa."

"Ifute. Andika ni mimi."

"Pasi, fikiria vizuri."

"Nimeshasema."

Alikata. Kwenye kioo kilichoning'inia aliiona shingo yake. Kola ilikuwa na grisi, upande mmoja umelala, mwingine umechanika. Mkono ulianza kupanda.

Akaurudisha kwenye usukani, akaenda nyumbani.