Nusu ya Maneno ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Chiriku aliandika habari moja kwenye ubao wa darasa. Jina hilo la ndege alibandikwa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ijumaa hiyo aliandika kwa herufi kubwa habari aliyoisikia redioni: kamati ya serikali imepitia utafiti wa shangazi yake na wenzake, na sasa imejulikana kwamba mafuta ya magari yanayokamuliwa kwenye mbegu hayachafui hewa kama petroli.

"Huyo ni shangazi yangu wa damu," alisema.

"Basi leo tumekwisha," mwenzake akamtania. "Tutamsikia huyo shangazi mpaka masikio yaote nyasi."

Jioni alimkuta shangazi mezani, chai imepoa, ripoti ya kamati iko mbele yake.

"Shangazi, wamekusifu hadi redioni."

"Wamenisifia nisichokisema, mwanangu."

Chiriku akaduwaa. Mtu anasifiwa, halafu ananuna? Shangazi hakutaka kuhubiri. Kesho yake, Jumamosi, alimpeleka kwenye mashamba ya utafiti, nyuma ya kilima. Kwanza walifika kwenye shamba kuukuu, lililolimwa tangu zamani. Shangazi alifunika udongo kwa bakuli la chuma, akaunganisha mrija wake na mashine yenye kioo kidogo. Kwenye kioo mstari mwembamba ulitambaa pole pole.

"Huo mstari ni nini?"

"Ni pumzi ya udongo. Humu ndani mna gesi ya ukaa, ile ile inayotoka kwenye moshi wa magari. Kidogo kidogo inatoka."

Chiriku alipiga magoti. Miaka yote amekanyaga udongo, hajui kuwa unapumua.

Kisha wakaenda pale msitu ulipofyekwa karibuni ili mbegu zile zipandwe. Shangazi akafunika udongo kwa bakuli lile lile. Mara mstari ukapanda kama mbuzi kwenye kichuguu, ukapanda tena, hauonyeshi dalili ya kushuka. Chiriku alishika mdomo. Palikuwa kimya kabisa, hakuna moshi, hakuna harufu, na bado kitu kikubwa kilikuwa kinatoka pale chini bila mtu kukiona.

"Gesi hii ilitulia humo tangu babu wa babu yako hajazaliwa, msitu ulipofyekwa ikafunguliwa," shangazi alisema. "Mbegu za shamba kuukuu, sawa, zinapunguza uchafu. Za hapa zinauzidisha kwa miaka mingi. Kamati imeandika shamba la kwanza tu. Na Jumatatu wakataji wanaingia kwenye msitu uliobaki, wakisema sisi ndio tuliowaruhusu."

Mchana huo kamati ilikubali kumsikiliza shangazi na watafiti wenzake. Chiriku aliketi nyuma ya ukumbi, mikono mapajani.

"Hatukuandika uongo," mwenyekiti alisema.

"Kweli, mzee," shangazi akajibu. "Mmeandika nusu."

Afisa mmoja akacheka. "Watafiti bwana. Wakisifiwa wananuna, wasiposifiwa wananuna."

Watu wakacheka. Mtafiti mkongwe waliyemwita Babu Miwani alingoja kicheko kiishe. "Kosa letu tunalo," alisema. "Jambo kubwa tuliliweka mwishoni, kwa herufi za sisimizi. Lakini lipo."

"Na kamati ikikataa kubadilisha?" mwenyekiti aliuliza.

"Basi yafuteni majina yetu," shangazi alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. "Sifa hizo chukueni. Msitu usikatwe kwa jina letu."

Chiriku hakujua kwamba mtu anaweza kurudisha sifa kama anavyorudisha sahani isiyo yake. Mwenyekiti alifungua utafiti, akafika kurasa za mwisho, akasoma taratibu huku kidole kikifuata mistari. Kisha akavua miwani.

"Mimi nilisoma muhtasari tu," alisema. "Huku sikufika." Akainua simu mbele ya wote. "Jumatatu mti hata mmoja usiguswe. Ripoti ina pengo, tunaiandika upya."

Njiani Chiriku alitembea bila kusema neno, mpaka shangazi akamuuliza kama anaumwa.

"Na mimi niliandika nusu ile ile ubaoni," alisema. "Darasa zima limesoma. Jumatatu watanicheka."

"Watakucheka. Wewe andika tu."

"Lakini sikudanganya, shangazi."

"Wala kamati haikudanganya." Shangazi alimshika bega. "Ukibeba maneno ya mtu, yabebe yote, hata yale yanayokuharibia furaha. Kuyakata maneno ya mtu ni kama kumkata miguu, kisha ukatangaza kwamba amekaa mwenyewe."