Matundu Matatu Tumboni

"Kitendawili."

"Tega, Shangazi."

"Ana matundu matatu tumboni, hafi, na bado anakata."

"Wembe wa kale."

"Haya. Mashine moja kati ya zinazomvaa ni ya uongo. Niletee kabla ya saa tisa."

Redio ikanyamaza.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara, na amri zake alizitega kama anayebembeleza wajukuu. Jasusi aliyepewa amri hii aliitwa Kidevu, kwa kuwa hakuwa na unywele hata mmoja kidevuni. Ati ndiye wa kutumwa kiwanda cha zamani cha mashine za kunyolea! Ofisi nzima ilicheka mpaka ikakohoa.

Sasa hakuna aliyecheka.

Paa!

Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake. Komeo likalia kwa nje.

"Karibu kwenye makumbusho yetu, mwanangu," sauti ya Fundi Mkuu wa kiwanda ilipenya. "Mgeni wangu anakuja saa tisa na vijana wawili. Hao ndio watakufungulia."

"Fungua, mzee. Nina bastola."

"Ndiyo maana sifungui!"

Kidevu alitazama saa yake ya Casio. Zimebaki dakika kumi na moja.

Chumba hakikuwa na dirisha. Pande zote makabati ya vioo, na ndani yake mashine za kunyolea mia mbili na arobaini. Kwenye mpini wa moja, ile ya uongo, kulifichwa filamu ndogo yenye majina ya majasusi kumi na mmoja walioko ng'ambo. Jina la saba lilikuwa la dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Mgeni, mnunuzi wa Fundi, akiipata filamu hiyo, dada harudi.

Jasho lilimtiririka mgongoni. Hewa ilinuka grisi. Kuta zikawa kama zinamsogelea.

"Beba zote basi!" Fundi alimcheka.

Kidevu aliinua macho. Juu ya kabati palikuwa na tundu la hewa, jembamba, wavu wake umekazwa kwa skrubu nne.

Akavunja kioo cha rafu ya kwanza. Mashine za mwanzo kabisa zilivaa wembe mnene kama kisu, wa kunolewa kwa mkanda wa ngozi kila asubuhi. Akapanda juu ya kabati; ubapa wa mgongo wa wembe ukaingia kwenye skrubu sawasawa.

Moja. Mbili. Tatu.

Ya nne ikagoma. Akaupinda wavu kwa mikono.

Dakika nne.

Rafu ya pili: mashine za wembe mwembamba, ule wa kutumia na kutupa. Hizi ndizo za matundu matatu. Marehemu baba yake alizipiga chapa humu humu kiwandani, na Kidevu alichezea zilizoharibika kabla hajajua kusoma. Chini ya kofia kuna vipini vitatu vidogo vya kuingia kwenye matundu na kuushika wembe. Miaka mingi baadaye ukaja wembe wenye ufa mrefu katikati, na vipini vikageuka ukingo mmoja wa kuingia kwenye ufa huo.

Akafungua kofia. Vipini vitatu. Nyingine. Vitatu. Vitatu. Vitatu.

Ya kumi na sita ilikuwa na ukingo mmoja.

Kibao chake kiliandikwa: Mwaka wa kwanza wa kiwanda.

Viatu vikasikika koridoni.

Akaitia mfukoni, akapanda kabati, akajirusha tunduni. Kiuno kikakwama! Akatoa pumzi yote. Shati likachanika. Akapita.

Mlango ukafunguliwa.

"Yuko wapi?" Mgeni alifoka.

Wote wanne waliingia. Fundi alikuwa wa kwanza, mbio mbio kwenye rafu yake.

Kidevu akadondoka kutoka tunduni hadi koridoni, nyuma yao, akasukuma mlango, akabana komeo.

Kisha ngumi zikaanza kutwanga chuma.

"Umeijuaje?" Fundi alilia.

"Mzee, umetengeneza za ukingo miaka thelathini. Ulipokaa kughushi ya kale, mikono ikafanya ilichozoea. Baba yangu alikaa meza ya tatu kutoka yako."

"Yule mkimya?"

"Huyo huyo."

Akabonyeza redio.

"Shangazi, nimenyoa. Tuma askari wanne, na pingu nne."

"Hujajikata?"

"Shati tu."

"Dada yako amepiga simu. Anauliza kama umekula."

Kidevu alipapasa kidevu chake kitupu, akatoka getini taratibu, mkono mmoja mfukoni.

"Mwambie bado. Namsubiri yeye."