Kikapu cha Krismasi si Mshahara wa Kumi na Tatu

Mjini Iloilo, Ufilipino, kila Desemba, kiwanda kidogo cha mikate cha Mama Salud kilinukia nyama na nanasi. Mikate ikishatoka tanurini, marehemu mumewe, Ambo, alikuwa akichoma mapaja ya nguruwe. Kila mfanyakazi alipewa kikapu: paja, mchele na jibini jekundu la mviringo. Watoto wao walikuja kuimba mlangoni, na Ambo aliimba nao kwa sauti mbovu kuliko zote. Siku zile zilikuwa tamu, na Salud alizitamani mno.

Mwaka huu pia aligawa vikapu. Lakini Teban, mwoka mikate aliyefundishwa kazi na Ambo mwenyewe, alipokea chake bila tabasamu.

"Nashukuru, Mama. Ila Januari naondoka. Kiwanda cha kule sokoni wananiita."

"Teban! Nimekukosea nini?"

"Tufani imebeba paa langu, Mama. Kule kila Desemba wanalipa mshahara wa ziada, ule wa mwezi wa kumi na tatu. Paja la nguruwe haliezeki nyumba."

Maneno hayo yalimchoma Salud. Jirani yake Ditas, anayeshughulikia mishahara katika kiwanda cha samaki wa kopo, alipokuja kununua mkate, Salud alimmwagia yote ya moyoni.

"Ambo aliwapa vikapu miaka nenda miaka rudi! Leo kikapu kimekuwa takataka?"

"Dada Salud, kikapu ni zawadi. Mwezi wa kumi na tatu ni haki. Zawadi hailipi deni."

"Lakini hiyo sheria si ya makampuni makubwa? Mimi nina watu watatu tu!"

"Nani kakudanganya? Hata mwenye mfanyakazi mmoja wa nyumbani hulipa. Mradi mtu amefanya kazi walau mwezi mmoja katika mwaka. Na mwisho wa kulipa ni tarehe ishirini na nne Desemba."

"Haya, nahesabuje?"

"Jumlisha mishahara ya msingi aliyopata mwaka mzima. Gawa kwa kumi na mbili. Malipo ya saa za ziada na posho ya chakula usiyaingize. Teban analipwa ngapi?"

"Peso elfu kumi na mbili kwa mwezi. Hakukosa kazi hata mwezi mmoja."

"Basi atapata elfu kumi na mbili nyingine."

"Na Pilo, aliyelipwa sawa na Teban, akaacha kazi mwisho wa Septemba? Huyo si ameshajiendea zake?"

"Naye anadai, na ulipaswa kumlipa alipoondoka. Miezi tisa kwa elfu kumi na mbili ni laki moja na elfu nane. Gawa kwa kumi na mbili: elfu tisa."

Salud aliketi juu ya gunia la unga. "Nikilipa hizo, mwakani vikapu sitaviweza. Na ndivyo vilivyonibakia vya Ambo."

Ditas alimshika bega. "Ambo alitoa kwa moyo, dada, lakini hakujua. Wewe umejua. Mwakani weka akiba kidogo kila mwezi, Desemba haitakukaba."

Salud alilia. Alimlilia mumewe, na alilia kwa aibu pia. Kisha akavunja akiba yake. Pilo aliitwa kutoka kwao, akaja mbio akidhani kuna msiba. Tarehe ishirini kila mmoja alipata chake mkononi.

"Na ya miaka ya nyuma," Salud akamwambia Teban, "nitakulipa kidogo kidogo. Mwenzangu angekuwepo, angeniunga mkono."

Teban aliinama, akaugusisha mkono wa Salud kwenye paji la uso wake, kama mtoto kwa mzazi.

"Mama, kesho nitachelewa. Naenda kununua bati."

"Nenda, mwanangu." Salud alisita. Aliogopa kuuliza, lakini akauliza. "Na Januari?"

"Januari nayo nitachelewachelewa kufika hapa kazini, Mama. Kuezeka paa hakumaliziki kwa siku moja. Utanivumilia?"

"Nitakukata mshahara!" alifoka Salud, huku akicheka na machozi yakimtoka.